Kigae cha Shimo la Gakindu

Gakindu,
S.L.P. 41,
Mukurweini.
12 Machi 1974

Mpendwa Mjomba Mathenge,

Hujambo huko Uingereza? Natumaini kile kikohozi kimekuacha na koti zito limepatikana. Sisi hapa ni wazima wa mwili. Mama anasema nikuambie kwamba dada yako anakuombea kila siku. Mvua ya kwanza imenyesha na kahawa imechanua shamba zima.

Mimi niko kidato cha tatu sasa. Katika historia bado ni wa kwanza, ingawa mwalimu akiuliza swali sinyooshi mkono.

Mjomba, sijui nianzie wapi. Picha ya kile kigae cha chungu nilichokutumia ilifika Ijumaa. Ulivyoikuza, alama za gunzi la mahindi lililoviringishwa shingoni mwa chungu zinahesabika safu kwa safu. Nilisoma tena maneno yako, kwamba mahindi asili yake ni Amerika, na kama chungu hicho kina miaka mia saba au elfu, basi kuna watu waliovuka bahari kuu na mbegu zao kabla ya meli za Ulaya. Wanaokucheka wangenyamaza.

Jumapili Cucu Kabura, mama yake Baba, alikuja kula kwetu. Akaiona picha mezani.

"Wewe Wamucii, nani amepiga chungu changu picha?"

Nikadhani ananitania. Akaweka kidole kwenye ile mikwaruzo mitatu uliyoandika kuwa huenda ni maandishi. "Hizi ni kucha zangu. Kila chungu niliweka tatu, ili Magdaline asiseme sokoni ati ni vyake."

Nikamwambia kigae kimetoka futi tisa chini, pale Baba na jirani yetu Gicheru walipochimba shimo la choo. Akasema ndiyo, hapo ndipo handaki lilipopita. Wakati wa Hali ya Hatari ya mkoloni, miaka ishirini iliyopita, wanawake walilichimba kwa amri kukizunguka kijiji. Baadaye waliamriwa kulifukia, wakatupa humo kila kilichovunjika.

"Lakini nilikuuliza, Cucu! Ulisema ardhi ile haijawahi kuchimbwa."

"Ulikuja na karatasi na kalamu. Mtu wa karatasi na kalamu akiniuliza, mimi sijui kitu. Hivyo ndivyo nilivyowajibu askari wa mkoloni, ndiyo maana baba yako yuko hai."

Kwa hiyo nilipokuandikia kwamba wazee wamethibitisha, alikuwa mzee mmoja tu, naye alijibu kwa woga. Sikuuliza mwingine. Niliona haya kwenda nyumba kwa nyumba.

Uliandika kwamba mkutano wa wataalamu ni Jumamosi hii, na kwamba profesa wako amekuonya: jambo hili likianguka, hatakutetea ubaki chuoni. Jana nilikosa shule nikaenda posta ya Nyeri kukupigia telegramu. Nilifika dirishani. Karani akasema kwa sauti, "Haya msichana, sema maneno yako, watu wanangoja." Nyuma yangu alisimama Mzee Ambalal wa duka la vitambaa, na wengine wengi. Sikuweza kutamka hata neno moja. Nilinunua stempu nikatoka.

Barua huchukua siku kumi. Utakapoifungua hii utakuwa umeshasimama mbele yao. Kama walikuamini, walikuamini kwa kosa langu. Kama walikucheka, walikuwa na haki, na hilo linaniuma zaidi.

Baba alitaka Cucu atoe ushahidi wa maandishi, ili uwe na kitu cha kuwaonyesha. Amekataa. Anasema hatatia kidole gumba kwenye karatasi yoyote inayotaja handaki.

Sina shauri la kukupa, Mjomba. Nimelitafuta na sijaliona.

Baba na Mama wanakusalimu. Mdogo wangu Ngatia anauliza kama umeshika theluji. Cucu anakusalimu pia. Haelewi kwa nini nalia kwa ajili ya chungu kilichovunjika. Mungu akushike mkono hapo ulipo peke yako.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye ingawa nimekuponza,
Wamucii