Anayefanana Zaidi

4 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na umeacha kuinamia cherehani mpaka jioni. Mimi mzima, kikohozi kimekwisha.

Uliuliza kazi yangu mpya ni nini hasa. Kampuni yetu inatengeneza programu ambayo maduka huitumia kujibu wateja wao. Siku hizi anayejibu mara nyingi si mtu, ni akili bandia. Sisi tunaiita wakala. Wakala amepewa chombo cha kumtafuta mteja kwa jina, simu au barua pepe. Mimi namwandikia maelezo: akitumie lini, aandike nini, na majibu yakija ayasomeje. Haulizi, haguni, anafuata nilichoandika. Nikikosea sentensi moja, anakosea kwa watu elfu kabla ya chai ya saa nne. Ndiyo maana naandika na kufuta. Fundi aliyekijenga chombo ananitania: "Dada, hayo ni maelezo au wosia?"

Mwanao


11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, tunazoeana. Hospitali imetuletea mashuka ya wodi mbili tuyashone, yote yamechanika katikati; sijui wagonjwa hao wanalala au wanapigana mieleka.

Barua yako nilimsomea shangazi yako. Akauliza nililokuwa naogopa kuuliza. Kama chombo hicho kinatafuta watu, umeshaandika jina la kaka yako? Miaka sita hatujamwona, mwanangu. Simu yake hata haiiti.

Mama


15 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, tena umekaa. Kama hujakaa, kaa kwanza.

Nimeandika. Sikupaswa, orodha ile ni ya wateja wa watu, si ya familia yetu. Limerudi jibu moja tu. Majina mawili ya kaka, la tatu tofauti. Namba si ile, lakini nani hajabadilisha namba kwa miaka sita? Aliandika Ijumaa iliyopita, analalamikia friji isiyogandisha. Mama, yu hai. Ukurasa wake wote sijaufungua. Nilizima kompyuta nikaanza kukuandikia.

Mwanao


18 Machi

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Leo sijambo kwelikweli. Godoro lake nimelitoa juani. Shangazi yako amefua mapazia yote bila kuombwa, na wewe unajua hilo si jambo dogo. Kazini nimewaambia wote, hata msimamizi wetu yule wa kununa.

Jina la tatu lisikutie shaka, labda ametumia la babu wa upande wangu. Nitumie anwani. Sitamgombeza. Nitasimama tu mlangoni.

Mama


9 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Nisamehe kwa wiki tatu hizi. Simu zako niliziona, sikuweza kupokea.

Nilifungua ule ukurasa ili nikunakilie anwani. Mtu huyo ana miaka hamsini na mmoja. Si kaka.

Nilikwenda kwa fundi. Akasema chombo hakijui kusema "sijapata". Kikimkosa uliyemtaka, kinaleta anayefanana naye zaidi, na hakikuambii. "Hukujua? Si wewe unayeandika maelezo yake?" Safari hii hakuwa anatania.

Wakala angeweza kusema alielezwa vibaya. Mimi jina la tatu nililiona, Mama. Nililiona nikaliruka, kwa sababu nilitaka awe yeye.

Mimi mwenyewe nimemwambia mkuu wangu. Amenizuia kufungua orodha ya wateja wa kweli. Sasa nafanya majaribio kwa watu wa kubuni. Kwenye maelezo nimeongeza: "Jibu likiwa moja haimaanishi ndiye. Linganisha angalau vitu viwili kabla hujamwambia mtu lolote." Mkuu akasema ni sentensi nzuri. Nilikwenda chooni nikakaa huko mpaka miguu ikafa ganzi.

Mwanao


20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Siku mbili chakula hakikupita. Sasa nakula.

Lawama usibebe peke yako. Wewe ulisema jina ni tofauti; mimi ndiye niliyelitafutia babu.

Kazini niliwaendea tena mmoja mmoja nikawaambia siye. Msimamizi akaniuliza, "Polisi mliandikisha kwamba amepotea?" Nikasema hapana. "Miaka sita?" Nikasema ndiyo, miaka sita. Niliona nikimwandikisha nitakuwa nimekubali kwamba harudi. Alinipa ruhusa ya siku nzima, na nguo za wodi zinangoja.

Jumatatu tulikwenda kituoni, mimi na shangazi yako. Karani aliuliza majina yote matatu, tarehe ya kuzaliwa, urefu, alama mwilini. Nikamwambia kovu la chini ya goti, na jino la mbele lililovunjika pembeni. Shangazi yako akataka kusimulia lilivunjikaje, karani akamwambia, "Mama, kwenye fomu hapana nafasi." Aliandika pole pole, kisha akanisomea nisahihishe. Goti alikuwa ameandika la kulia. Nikamwambia la kushoto, akafuta, akaandika la kushoto, nami nikaweka sahihi.

Sasa anatafutwa na watu ambao ndiyo kazi yao. Wewe niandikie habari zako.

Mama