Programu Yako Imefika Ruiru

Tata Wanjiru,

Shangazi gani huyu anakufa na kuniachia kompyuta ya hadiwea ya watu? Bado nimekukasirikia, lakini leo nimekuja na maswali.

Mzee Kariuki amefungua hadiwea ya pili, Ruiru. Aliniita pale duka la Thika akasema, "Programu ya Wanjiru ikishindwa na maduka mawili, naitupa. Naleta watu wa Nairobi waandike mpya." Nikamwambia atulie, mimi, Form Two wa Kiganjo, niko kazini. Unanijua.

Nikakopi programu yako yote kwenye disketi, nikaiweka Ruiru, nikaikatakata mpaka ikauza misumari kwa kilo. Ilimeremeta, Tata! Halafu mzee akauliza saruji imebaki mifuko mingapi kwa maduka yote. Aii. Programu mbili, kila moja na akili yake, haziongei. Na kosa la risiti nililokuwa nimelirekebisha Thika, Ruiru lilikuwa bado linanicheka.

Ndio nikarudi kusoma yako, polepole. Ile wiki ulipochora visanduku na mishale kwa chaki sakafuni, hujagusa hata kibodi, nilikuuliza kama hiyo ni kompyuta ama mchezo wa watoto wa kurukaruka. Ukasema, "Chora kwanza, bingwa wa kubonyeza."

Sasa nimeona. Kuuza kuko peke yake, stoo peke yake, risiti peke yake. Na kila sehemu, kabla ya kufanya lolote, inauliza: niko duka gani? Miaka yote jibu lilikuwa Thika tu, nikadhani ni upuzi wako. Kumbe ni kama zile nyumba zetu za Kiganjo, zinaachwa na vyuma vimetokeza juu vikingoja ghorofa. Nikafuta kopi yangu, nikaongeza Ruiru mahali pamoja tu. Jioni dereva wa lori akaleta disketi ya mauzo ya huko, na saruji yote ikatokea kwa skrini moja. Mzee hakushukuru. Alisema, "Basi hao wa Nairobi wangoje."

Lakini ulijuaje? Mzee mwenyewe hakuwa na habari ya Ruiru. Uliamuaje vyuma gani uviache, na vyuma gani uvikate? Nani mwingine nimuulize?

Duka la tatu likija, sitakopi, nitachora. Naahidi. Mzee alitaka nifute jina lako pale programu inapofunguka, niweke langu. Nimekataa. Lako liko juu, na halitoki nikiwa hai. Langu nimeliweka chini yake, herufi kubwa kidogo. Usinune.

Pumzika, Tata.