Platine Mbili za Kabwe

Jumapili, 2 Juni 2024

Kabwe wangu ameandika! Siku arobaini na moja kimya, halafu leo asubuhi ujumbe. Niliacha chai ikapoa. Nikajua tu anasema anakuja Iddi.

Hakusema hivyo. Anataka platine zake, zile mashine za kuchezea diski. Zote mbili. Kuna boti ya mizigo inatoka hapa Rumonge kwenda Kalemie Alhamisi ya tarehe 13, nahodha anamjua, nimpe katoni mbili. Miksa, ya kuchanganyia sauti, nibaki nayo, huko amepata nyingine. Kwanza nijaribu mikono ya sindano kama bado inashuka vizuri, nimtumie video, ndipo nifunge.

Mwishoni: "Murakoze sana, sheri." Murakoze! Asante ya adabu, kama ya mteja aliyeletewa suruali.

Niandike wazi, nisije nikajidanganya baadaye. Alienda Kalemie, ng'ambo ya ziwa, kupiga muziki wiki mbili. Leo ni miezi kumi na minne. Wanaoniuliza kama atarudi nawajibu hivi: mashine zake ziko chumbani kwangu, DJ haachi platine zake. Hata shangazi Mwamini, ambaye kwa kila neno ana lake, kwa hilo hunyamaza. Sasa zikiondoka nitawaambia nini? Mimi mwenyewe nitajiambia nini?

Jumanne, 4 Juni

Iddi inakaribia, vitambaa vimejaa mpaka kitandani. Kanzu nne, gauni saba, na mama mmoja wa Kizuka anayetaka mikono ya puto halafu anasema kitambaa kisiongezwe. Cherehani haijapoa tangu jana.

Mchana nilifunua platine. Ziko vilevile, pembeni ya ukuta, chini ya kitenge cha kijani. Vichwa vya sindano nilivihifadhi kwenye kikopo cha vifungo. Cha kulia bado kina kile kipande cha risasi ya kuzamishia nyavu alichokifunga kwa gundi ya karatasi. Nakumbuka siku hiyo! Harusi ya kule Kabonga, kila akivuta diski nyuma na mbele kuifanya ilie, sindano inaruka. Mara tatu, mbele ya bibi harusi. Watu wakaanza kupiga miluzi. Kabwe akakimbia ufukweni, akaomba risasi kwa wavuvi, akaibandika juu ya kichwa ili sindano ielemewe ikae chini. Ilikaa. Tangu siku hiyo hakuitoa. Diski zikawa zinalika, sauti inakuwa kama ya mtu mwenye mafua, na yeye anasema ndiyo dawa.

Nilicheka peke yangu. Halafu sikucheka tena.

Ijumaa, 7 Juni

Mkono wa sindano haushuki.

Nimeuinua, nimeuachia, umebaki hewani. Nikausukuma kwa kidole, ukaenda kwa uvivu, ukagoma katikati. Ule wa pili ni hivyohivyo. Nikainama kwenye kiungo kutazama: utando mwekundu, mzito, umeshika vumbi.

Mawese. Ni mimi!

Kila Ijumaa baada ya sala nilikuwa nafuta vumbi, halafu natia tone la mawese kwenye kiungo cha mkono, hewa ya ziwa isije ikaleta kutu. Mafuta ya cherehani yalikuwa yamekwisha dukani. Ya shangazi hayakosekani, mapipa mawili barazani, na bawaba za mlango wetu tunazipaka hayohayo. Sikuwaza kwamba yataganda. Miezi kumi na minne nautunza mkono wake, kumbe naufunga.

Nililia, sifichi. Shangazi akaja na mwiko mkononi akidhani nimefiwa. Nilipomweleza alikaa chini akacheka mpaka kilemba kikalegea.

"Mawese iko dawa ya kila kitu, mutoto wangu. Ila ya mashini ya Mukongomani, hapana!"

Wazo baya lilinijia hapo hapo: nimwambie Kabwe zimekufa, asahau. Zibaki. Nililikalia wazo hilo mpaka alasiri. Lakini zikiwa zimekufa, atarudia nini?

Jumamosi, 8 Juni

Alkoli ya famasi, pamba, kijiti cha kiberiti, na ile brashi ndogo ya kutolea nyuzi ndani ya cherehani. Saa tatu nzima. Shangazi kanishikia tochi ya simu, analalamika mkono unamuuma lakini haondoki.

Ndani ya mkono kuna nyaya nne nyembamba kama uzi wa kutarizi. Ukivuta moja, umeua sauti. Sikupumua. Kila pamba ilitoka nyekundu, halafu ya machungwa, halafu ya njano, halafu nyeupe. Nyeupe! Nikapuliza mkono kidogo tu, ukaenda wenyewe mpaka mwisho na kurudi.

Shangazi akasema alidhani nangoja mwanaume, kumbe nimeolewa na mashini. Nikamwambia anyamaze. Nilikuwa nafurahi mno, na sikuwa namfikiria Kabwe hata kidogo. Hilo limenishtua jioni nilipokuwa nakunja nguo.

Jumatatu, 10 Juni

Nguo za watu zimesimama. Wanisamehe.

Karatasi ya maelezo ilikuwa bado ndani ya katoni, kwa Kifaransa, ina alama ya kikombe cha kahawa cha Kabwe. Nadhani hakuwahi kuisoma zaidi ya hiyo alama. Nimeisoma mara nne.

Kwanza nikatoa ile risasi. Nikatazama mlangoni, kana kwamba atatokea na kuuliza naifanya nini. Halafu ule uzito wa nyuma, unauzungusha taratibu mpaka mkono uelee wenyewe, hauendi chini, hauendi juu, kama mzani wa sokoni usio na kitu. Ukishaelea, unazungusha pete ya namba peke yake mpaka sifuri bila kuugusa uzito. Hapo nilikosea mara mbili. Kisha unazungusha vyote pamoja mpaka gramu unazotaka. Nikaweka tatu.

Diski ikacheza vizuri. Nikaivuta nyuma, sindano ikaruka.

Nikaweka nne. Ikaruka, lakini mara moja moja. Nikakaribia kuirudisha risasi, Mungu anisamehe. Nikarudia karatasi. Kuna kitufe kidogo pembeni kinachouvuta mkono kuelekea nje. Karatasi inasema kiwe sawa na gramu, kwa wanaosikiliza muziki. Lakini mimi sisikilizi tu, mimi navuta huku na huku! Ni kama kukaza uzi wa juu wa cherehani kwa kitambaa kimoja ukashonea kingine. Nikakirudisha sifuri. Nikatoa platine juu ya meza ya cherehani, meza hiyo inatikisika mtu akipita tu, nikaiweka sakafuni kwenye saruji. Chini ya diski nikaweka kitambaa kipya, na chini ya kitambaa plastiki ya kufunikia madaftari, iteleze.

Nikavuta. Nyuma, mbele, nyuma. Ikakaa!

Nikavuta kwa nguvu, kwa hasira, kwa fujo. Ikakaa. Bila risasi. Miaka sita amepiga harusi kuanzia hapa mpaka Nyanza-Lac na risasi kichwani mwa sindano, na tatizo lilikuwa kitufe ambacho hakukigusa. Nilitaka nimpigie saa ileile nimwambie. Nilitaka awe hapa, amekaa kwenye ndoo, ananitazama, anasema rudia. Nina hamu naye mpaka naona haya kuandika.

Nilipiga skrachi, huko kuvuta diski ilie, mpaka umeme ukakatika. Kiganja kinawaka.

Jumanne, 11 Juni

Nimetuma video. Dakika mbili. Mkono unaelea, mkono unashuka, diski inacheza. Mwishoni nikaacha sekunde ishirini za mkono wangu nikiskrachi, kama kwa bahati mbaya. Si bahati mbaya. Nilirekodi mara kumi na moja, na nilivaa bangili aliyonipa.

Saa nne alama mbili za bluu. Ameona.

Saa nane: "Iko sawa. Ufunge vizuri, ziwa iko na upepo."

Basi. Si mkono, si bangili, si kwamba risasi haipo. Huenda aliangalia mwanzo tu. Huenda alikuwa na watu. Nimemtafutia sababu sita na zote nimezishona mwenyewe.

Nikamaliza gauni mbili. Moja nimelishona mikono kinyume, nikaifumua.

Jumatano, 12 Juni

Nimefunga platine ya kushoto. Unatoa uzito wa nyuma, unautia kwenye soksi. Unatoa kichwa, unakirudisha kikoponi. Mkono unaufunga kwa utepe usicheze. Nimeizungushia mabaki ya vitenge, akifungua ataona nguo za mji mzima. Nimeandika jina lake juu ya katoni, Kabwe, kwa herufi kubwa, na kalamu ikakauka kwenye E.

Ya kulia bado iko sakafuni. Nilisema nitaifunga baada ya chakula. Baada ya chakula nikasema baada ya sala.

Shangazi alikuja akaketi juu ya kitanda, katikati ya vitambaa. Hakunitania. Aliniambia marehemu mume wake aliacha baiskeli, akaipangusa miaka miwili, na siku alipoitoa ndipo alipolala usingizi. Nikamwambia Kabwe hajafa. Akasema ndiyo maana anashangaa kuona ninampangusia vitu.

Nilikasirika. Bado nimekasirika. Akaniuliza basi nina hamu na nani hasa, yeye au hii ngoma yake? Nikamwambia vyote. Ni kweli. Nataka arudi. Na nataka akirudi anikute najua. Na kama harudi, nataka nibaki na kitu ambacho mikono yangu imekijua. Mambo matatu, na katoni zinatakiwa mbili.

Alhamisi, 13 Juni

Saa mbili asubuhi Dismasi, mbeba mizigo wa bandarini, alikuja na mkokoteni. Nikampa katoni moja. Akauliza ya pili. Nikasema peleka hiyo kwanza. Akaenda.

Nikaketi sakafuni mbele ya ile nyingine. Sikuigusa. Kwa simu naweza kuweka mdundo, kwa miksa na platine moja naweza kuskrachi juu yake, nilijaribu jana. Yeye kwa moja hawezi kuchanganya diski harusini. Atahitaji ya pili. Atalazimika kuja kuichukua, ni siku moja tu majini! Ndivyo nilivyofikiri, na nilijua kwamba si haki, na sikusimama.

Saa nne na nusu Dismasi amerudi, jasho tupu.

"Dada Raisa, nahodha anasema bamemuambia katoni mbili. Boti inatoka saa sita. Niko nangoja."

Nikampa chai. Amesimama nayo mlangoni, anatazama platine, anaona haijafungwa. Hana ujinga.

Halafu simu. Kabwe mwenyewe, sauti yake, si ujumbe! Ya kwanza tangu Februari. Hakusalimia. Nahodha kampigia.

"Raisa, platine ya pili iko wapi?"

Nikasema, iko kwetu, nikimaanisha kwake na kwangu.

Nyuma yake niliwasikia watu wakihamisha viti, wakicheka. Halafu akauliza, bila ubaya, kama mtu anayetaka tu kujua:

"Kwetu wapi?"

Simu ikakatika kabla sijafungua mdomo. Mtandao, au salio lake, sijui. Nimechukua daftari kwa sababu mikono inataka kitu cha kufanya. Dismasi amemaliza chai, ameweka kikombe chini polepole, anasema saa tano imeingia.

Simu inaita tena.