Kupe wa Kwetu Wamefika Kilambo

Kilambo, Mtwara

Kaka Masinga,

Habari za huko? Mama hajambo? Goti lake linamruhusu kufika kisimani, au bado anatuma watoto? Na mvua je, imewaonea huruma safari hii? Mimi mwili mzima. Nakula muhogo asubuhi na muhogo jioni, na samaki mpaka nimeizoea miiba yao. Moyoni ndiko hakukaliki, na sababu unayo wewe. Ya mama nimeyaweka mwishoni, hayo msomee. Haya mengine kayasome peke yako nyuma ya zizi.

Wale ng'ombe ishirini uliotukabidhi kwa ajili ya kijiji hiki wapo hai wote. Behewa halikuwaua, meli haikuwaua, wala lori la kutoka bandarini. Waliposhushwa, wanawake walipiga vigelegele. Huku ng'ombe ni wa kuhesabu, kwa sababu ya mbung'o, na wenyeji ni watu wa korosho na uvuvi. Mwenyekiti wa kijiji alinishika mkono akautikisa kama vile hao ng'ombe nimewazaa mwenyewe.

Anayenipa malazi ni Bi Somoe, mjane wa mtu wa Mikindani. Yeye alikuwa na ng'ombe wake wanne alioachiwa na mumewe, wazaliwa wa hukuhuku, wafupi, wa rangi ya udongo. Mumewe alipokufa, shemeji zake walitaka arudi Mikindani akae uani kwao, awe anawapikia. Akawajibu kwamba ana maziwa ya kuuza na samli ya kuuza, hapiki kwa mtu. Basi akabaki na nyumba yake na ufunguo wake, kwa sababu ya hao wanne.

Zizi lenye miti imara ni moja tu, hilo tulilolijenga kwa ajili ya ng'ombe wako. Ni mimi niliyemwambia, "Bibi, walete wako walale humu, nitawachunga wote pamoja." Alifurahi, akanipikia wali wa nazi. Kila nikiukumbuka ule wali najisikia vibaya.

Wiki ya tatu nilimwona mtamba wake mwekundu ananing'iniza kichwa. Nikamfunua sikio. Kupe wadogo wa kahawia, wamejaa kama ulezi kwenye kiganja. Huku wanawajua kupe wa mbwa, hawa hawakuwahi kuwaona. Nikapapasa chini ya sikio, mtoki umevimba kama limau. Kaka, mimi na wewe tumekua na ndigana, hiyo homa ya kupe, sikuhitaji kuambiwa. Ng'ombe wa kwetu huugua wakiwa ndama, anayepona hajali tena, anatembea na kupe wake kama mtu aliyevaa shanga. Hawa wa Bi Somoe damu yao haikuwa na habari hiyo kabisa.

Josho la kuogeshea ng'ombe huku hakuna, dawa hakuna, na bwana mifugo anakaa Mtwara mjini. Bahati nzuri, nikasema, kesho kuna mkutano wa kijiji. Bahati nzuri! Mwenyekiti alipouliza nani ana neno, nikasimama: "Ndugu mwenyekiti, kupe wameingia kijijini. Wamekuja na lori, wananyonya damu, na tusipowatoa wiki hii watatumaliza."

Makofi, kaka! Sijapata kupigiwa makofi vile maishani mwangu. Mmoja akapaza sauti, "Wataje majina!" Mwingine, "Mirija ya wanyonyaji ikatwe!" Wote wakageuka kumtazama Bwana Gulamali, Mhindi mwenye duka, anayetuuzia chumvi na mafuta ya taa, ambaye amezaliwa Mikindani na hajawahi kuja na lori lolote. Maskini akainuka akaondoka taratibu, na duka halikufunguliwa siku mbili. Nikapiga kelele, "Nasema kupe wa ng'ombe! Wale wa masikioni!" Wakacheka mpaka wakapangusa macho. Mwenyekiti akasema ndugu yetu wa bara ana mafumbo mazuri.

Kesho yake watu wawili wa kamati walinifuata na daftari, wanataka majina ya hao kupe. Nikawapeleka zizini, nikafunua sikio la mtamba, nikawaambia waandike. Hawakucheka, wala hawakuandika. Barua ya kuomba dawa ilitoka siku ya nane, na siku hiyo mtamba alikuwa ameshakufa, povu puani, anavuta pumzi kama mtu anayezama. Jike mmoja tuliwahi kumchinja. Waliobaki wawili walikufa alfajiri moja, nyamafu, hawaliwi, tukawafukia. Bi Somoe alisimama kwenye shimo mpaka koleo la mwisho.

Sasa tuje kwenye cheti chako. Bwana mifugo alipofika aliona ng'ombe ishirini wa kijiji wamenawiri na wanne wa mjane wamekwisha. Akaomba karatasi. Mwenyekiti akamtolea ile uliyoandika wewe, msimamizi wa josho, kwa mkono wako, kwamba wameogeshwa mara mbili na hawana kupe. Akaisoma, akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, akaandika kwamba ugonjwa umeanzia kwa ng'ombe wa mwenyeji. Nilikuwa nimesimama palepale nimeshika ndoo.

Josho lilikuwa kavu, kaka. Dawa ilikwisha mwezi mzima kabla, buibui wametanda kwenye ngazi zake. Nilikuwa nimekaa ukingoni ulipokuwa unaandika. Ukaniambia, "Mabehewa hayangoji, mdogo wangu. Kwani huko pwani watajua?" Nami nikacheka. Nina hasira na wewe, lakini kile kicheko ni changu, sina wa kumsingizia.

Na usidhani yamekwishia kwa Bi Somoe. Juzi nimewaona kupe walewale kwenye majani ya njia ya mtoni. Kuna mtu wa Nanyamba anataka kununua ndama hapa. Nimemwambia asinunue, akadhani namnyima.

Basi, ya mama ndiyo haya, anzia hapa kumsomea. Mama, shikamoo. Nipo salama, nakula vizuri, na wenyeji wananipenda kuliko ninavyostahili. Shemeji, mke wa kaka, msalimie, mwambie blanketi alilonipa linanitosha. Baba mdogo naye msalimie, na shangazi mpe pole ya jicho.

Hapa acha kusoma kwa sauti.

Bi Somoe anahama kesho. Shemeji yake anakuja kumchukua, na chumba cha uani kimeshafagiliwa. Leo mchana alikuwa anafunga mikeka yake, akaniita. "Mwanangu, utamwandikia nduguyo yule wa josho?" Nikasema ndiyo. "Nisalimie sana. Mwambie aniwie radhi. Ng'ombe zangu wachafu niliwalaza na ng'ombe zake wazima, nusura nimharibie kazi yake yote. Mwambie sikujua."

Nikamshikia kamba, akafunga mkeka wa mwisho. Anakuomba msamaha, kaka. Mpe, ukiweza.

Ni mimi mdogo wako,
Chibago