Kibodi Imesikika

Baba mpendwa,

Nakusalimu sana kutoka Doha, ambako joto limetufungia ndani mimi na Nakato, Mganda ninayeishi naye.

Kompyuta ndogo niliyokuachia ilipokataa kusikia kibodi, ulidhani umeiharibu. Hukuiharibu, Baba. Mfumo wa bure unaoiendesha, ambao watu wa kujitolea tunauandika pamoja, haukuwa ukiwasha kidhibiti cha ukatizaji, yaani kile kipande kinachoiambia kompyuta isimame kidogo kwa kuwa kuna kitu kinaita. Kila Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, nimekuwa nikihangaika nacho kwenye kompyuta kama yako. Leo mchana nimeandika mistari ya kukiwasha, nikamwita Nakato kutoka jikoni.

"Bonyeza herufi yoyote," nikamwambia.

Akabonyeza N, na N ikatokea kwenye skrini.

"Banange, imesikia!" akapiga kelele, akaandika jina lake lote. Nikalia machozi. Matoke yakashika chini ya sufuria, tukayala hivyo hivyo tukicheka.

Mdogo wangu Atieno atakuja Jumamosi kukuwekea mfumo mpya. Anza kuniandikia, hata mstari mmoja tu. Nitausoma kwenye basi la kampuni nikienda kazini West Bay, na siku yangu itakuwa njema.

Mungu akutunze.

Binti yako akupendaye,
Akinyi