Kihispania cha Jumapili

Mdogo wangu,

Mimi mzima, cherehani tu ndiyo inakata uzi. Asante kwa vitabu. Kile cha watalii nimekiweka kando. Kinafundisha kuomba chumba chenye bafu, nami siendi popote. Masomo ya kwenye simu nayo yamenichosha, mwezi mzima paka anakunywa maziwa tu. Nimebaki na kamusi na kijitabu cha watoto, maana mwenzangu wa kuongea naye ana miaka minne.

Mjukuu wetu hunipigia kila Jumapili tangu binti yangu azikwe hukohuko alikoolewa. Swali lake ni lilelile, nami nilijua neno moja tu, nikawa namjibu "sí, sí", yaani ndiyo. Anacheka, anabusu kioo cha simu.

Jumapili iliyopita nililiandika swali lake kama ninavyolisikia, nikalitafuta neno kwa neno. Anauliza kama mama yake yuko kwangu. Kumbe baba yake alimwambia amekuja kunisalimia.

Keshokutwa atauliza tena. Hicho kitabu kipya ulichonisifia, kina somo la kumjibu? Kama hakina, usihangaike kukituma.

Ni mimi dada yako, ninayeiogopa simu.