Maneno ya Ubaoni na Miwani ya Mwalimu

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: mwanafunzi wa kidato cha tatu, katibu wa darasa
Umri: miaka 16
Makazi: kwa shangazi yake, nyumba za nyuma ya kiwanda cha sabuni

Leo, tarehe 14 mwezi wa tatu, naahidi kusema yote niliyoyaona, hata yale nisiyopenda kuyasema. Shangazi yupo hapa kituoni, kwenye benchi. Ndiye aliyemwambia afande, "Mwache aandike mwenyewe, akianza kusema, kalamu yako haitamfikia." Afande amekubali.

Mnamo tarehe 12, baada ya mapumziko ya saa nne, tulikuwa na kipindi cha fasihi. Tunasoma tamthilia ya mfalme aliyeua ndugu zake ili atawale, mwisho akaangamia. Mwalimu alituambia tumlinganishe na dikteta mmoja wa kweli tuliyemsoma kwenye historia, wa nchi ya mbali, aliyekwisha kufa. Alichora mstari katikati ya ubao: kushoto mfalme, kulia dikteta. Kisha akanipa chaki. Ndio utaratibu wetu: darasa linasema, katibu anaandika, mwalimu anakaa nyuma kama mwanafunzi.

Tulisema wote wawili waliwaogopa rafiki zao kuliko maadui. Kijana tunayemwita Redio akauliza, "Mwalimu, kwani huko ikulu kwa mfalme hakukuwa na dawa za usingizi?" Tukacheka. Mwalimu akasema, "Zingekuwepo, mwanangu, tusingejua kama ana moyo. Anakosa usingizi kwa sababu anajua alichofanya. Ndiyo maana tunamwonea huruma. Sasa huyu wa pili?"

Sikungoja darasa liseme. Nikaandika upande wa kulia, kwa mawazo yangu mwenyewe: "Huyu alilala vizuri mpaka mwisho."

Juu ya ubao, upande huo huo wa kulia, imetundikwa picha ya Kiongozi wetu, kama ilivyo katika kila darasa. Hatukuifikiria. Tumeizoea kama tulivyozoea dirisha. Mwalimu wa nidhamu alipopita aliona picha, na chini yake maneno yangu. Akapiga picha kwa simu. Hakuuliza kitu.

Kabla ya kengele ya kwenda nyumbani walikuja watu wawili wenye nguo za kiraia. Mwalimu aliomba anawe chaki mikononi. Mmoja akamwambia, "Utanawa huko." Mwalimu akatuambia, "Someni onyesho la mwisho." Miwani yake ilibaki mezani, juu ya kitabu.

Leo afande amenionyesha ile picha ya simu, akasema mwalimu amekiri kwamba aliandika yeye, na amekwisha kuweka sahihi. Nikasema mwandiko ni wangu. Unafanana na wake kwa sababu ndiye aliyenifundisha kuandika ubaoni.

"Binti, usimbebee mtu mzima mzigo wake," akasema.

Nikaomba chaki. Nikaandika sentensi ile ile kwenye ubao wa zamu za askari ulio nyuma ya meza yake. Shangazi akasema kwa sauti ndogo, "Mama yangu." Ndipo nikaona kwamba hapa napo picha ya Kiongozi ipo juu ya ubao. Afande aliitazama, akatazama mlango, akafuta kwa mkono wa shati lake. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kaa chini, mwanangu, umalizie."

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyatenda, na sina la kupunguza. Nimekuja na miwani ya mwalimu, nimeitia ndani ya soksi safi isikwaruzwe. Bila miwani hawezi kusoma hata tangazo la mlangoni; huwa tunamsomea sisi. Kwa hiyo naomba nijibiwe leo, kabla hatujaondoka: yale maelezo aliyoyawekea sahihi, aliyasomaje?

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)
Sahihi ya mlezi: (imewekwa)

Maoni ya askari: Shahidi ameandika mwenyewe, bila kushurutishwa. Miwani imepokelewa, pamoja na soksi. Swali la mwisho nilimwomba alifute. Amekataa. Nimeliacha.